Kiwiko cha Koti la Mheshimiwa

Jumanne, saa moja asubuhi, mtaa wa Shauri Moyo. Teresiah Waringa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, wembe mkononi, anafumua kiwiko cha koti alilolishona yeye mwenyewe Jumamosi.

Anakata uzi mmoja, anasita, anatazama picha ndogo aliyoiegemeza kwenye pasi ya makaa. Kisha anakata mwingine. Koti ni la sufu, rangi ya majivu, zito kama blanketi la hospitali.

Falis, jirani anayeuza makoti ya mitumba soko la Gikomba, anapita na mzigo begani. Anasimama.

"Mama Thuo, si watu huleta zimechanika, wewe ukashona? Leo imekuwaje?"

"Wacha tu, Falis."

"Kama unataka mabovu ungeniambia. Ninalo gunia zima, yamechanika bila kuombwa."

Teresiah anacheka kidogo, lakini wembe haukomi. Ikifika saa tatu, koti hilo lazima liwe bovu vilevile kama lilivyokuwa Ijumaa. Lisipokuwa, kazi yake imekwisha.

Kazi yenyewe ni ya filamu. Mwezi huu watu wa sinema wamekodi ghala karibu na Gikomba, wakaligeuza kuwa chumba cha London ya miaka hamsini iliyopita. Filamu ni ya maisha ya faragha ya kiongozi mmoja wa kubuniwa, aliyekaa Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi kutawala kwao. Anayemwigiza ni Mutisya, karani wa Donholm aliyechukua likizo yake yote kwa ajili hiyo.

Teresiah, mwenye miaka thelathini na minane, ndiye fundi wa nguo. Hulipwa shilingi hamsini kwa siku. Akiwarekebishia wachuuzi mitumba, siku njema humpa ishirini. Ni kazi ya kwanza iliyomfanya anunue makaa kwa gunia badala ya kwa debe, na bado zimebaki wiki tatu.

"Lakini mambo yao siyaelewi," anasema. "Jumatano mheshimiwa alikuwa mzee, ana mvi, anaagana na Wazungu arudi kwao. Alhamisi ndiyo akafika Uingereza, kijana. Nikauliza, ataondokaje kabla hajafika? Wakaniambia, mama, shona."

Ijumaa mvua ilinyesha na paa la ghala likavuja. Teresiah akapewa nguo akae nazo kwake mpaka Jumatatu. Hakuna aliyemwambia azifanye lolote, na hakuna aliyemkataza.

"Sisi mafundi, nguo ya mtu hairudi chafu," anaeleza. "Hata kama alileta kifungo tu, unaifuta, unaipiga pasi. Ndiyo adabu. Nikaliona koti la mheshimiwa, matope kwenye pindo, kiwiko kimetoboka na kushonwa ovyo kwa uzi mweupe. Nikasema, huyu ni mtu mkubwa, hawezi kuvaa hivi."

Alilifua. Akanyofoa nyuzi kutoka mshono wa ndani wa koti hilohilo, akaziba kiwiko hadi pasionekane palipotoboka. Jumapili hakwenda kanisani, alibaki kulilinda kwenye kamba likikauka. Jumatatu akalipeleka likiwa kwenye hanga.

"Nilikuwa nangoja kusifiwa."

Wakiuru, msimamizi wa mavazi, aliligeuza koti mara mbili. Kisha akatoa picha zilizopigwa Ijumaa, akampa moja. Matope yale yalikuwa yamepakwa kwa brashi siku mbili nzima. Na Ijumaa mheshimiwa alishapigwa filamu akifika mlangoni. Kuingia ndani kulikuwa kumebaki.

"Angeshika mlango na koti bovu, akiingia ndani ni jipya," anasema Teresiah. "Hiyo nayo niliielewa."

Wakiuru hakugombana. Alimwambia, "Umeshona vizuri mno, na hiyo ndiyo shida. Kesho saa tatu liwe kama picha. Ukishindwa, itabidi nitafute fundi mwingine."

Matope yamekuwa rahisi. Teresiah amechukua udongo wa mferejini, majani ya chai yaliyokwisha chemshwa na kipande cha tofali, akasugua mpaka pindo likazeeka. Kinachomsumbua ni kiwiko. Mshono wa kwanza aliufanya Mutisya mwenyewe, baada ya kuambiwa ashone kama mwanamume aliye peke yake, asiyewahi kushika sindano.

Teresiah ameujaribu mara nne. Kila mara nyuzi zinajipanga mstari.

"Mkono unakataa," anasema. "Miaka kumi na tisa naufundisha kunyooka."

Falis, ambaye sasa ametua mzigo na kuukalia, anatoa shauri. "Shona kama mume wangu."

"Mume wako anajua kushona?"

"Si ndiyo nakwambia."

Teresiah hacheki. Mume wake, Bedan, alikwenda Uingereza mwaka 1974 kwa mafunzo ya reli ya miaka miwili. Alikuwa akiandika. Katika barua moja alisema sasa anajishonea vifungo mwenyewe, na kwamba vinamdondoka njiani kabla hajafika kazini. Teresiah aliwasomea wanawake wa laini yao ya nyumba, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Barua ya mwisho ilikuja mwaka 1978, miaka saba sasa. Haikutaja vifungo.

Anahamishia sindano mkono wa kushoto. Anashona polepole, na mara hii nyuzi zinakwenda upande, moja ndefu, moja fupi.

"Hapo sasa," anasema Falis. "Huyo ni mwanamume kabisa."

Saa tatu kasoro dakika kumi, ghalani, Wakiuru analiweka koti kando ya picha. Anatazama huku, anatazama kule. Anamwita Mutisya.

Mutisya analivaa, anakunja mkono. "Si huu ni mshono wangu? Nilidhani mmeufumua."

Wakiuru anarudisha picha mfukoni. "Teresiah, Alhamisi ijayo utanishonea tena ule wa Jumamosi. Uleule mzuri. Kuna sehemu kiwiko kimeshazibwa."

"Nani amemshonea?"

"Mama mwenye nyumba aliyopanga. Ndipo wanapoanza kuzoeana."

"Na mke aliyemwacha nyumbani?"

Wakiuru anafunua karatasi zake, anafunua tena. "Wa nyumbani haonekani. Anaandikiwa barua tu."

Teresiah anakaa juu ya sanduku la kofia.

"Kwa hivyo ile kazi yangu ya Jumamosi," anasema, taratibu, kama anayehakikisha kipimo, "ilikuwa ya yule mwingine."

Taa zinawashwa, na Mutisya anaingia mlangoni na koti lake bovu.

Alhamisi atalishona. "Ni kazi," anasema, "na najua kuifanya." Ameambiwa filamu itaonyeshwa mjini mwakani. Hajawahi kuingia sinema, lakini hii amepanga kuitazama, na atakwenda peke yake.

"Sitaangalia uso wa mheshimiwa. Nitaangalia kiwiko tu. Nataka nijue ni siku gani kilianza kushonwa vizuri, na kama siku hiyo yeye mwenyewe alijua."