Nilimwambia shemeji kwamba kaka amepumzika

Leo nimepeleka habari ya msiba, nikapokewa kwa furaha.

Kaka alifariki alfajiri, hospitalini Kilembe. Nikapanda baisikeli mpaka Bwera kumwambia mke wake, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Njia nzima nilitafuta neno la upole.

Nilipofika, nikasema, "Kaka amepumzika."

"Aksanti Mungu! Alikuwa halale hata kidogo! Ikala, shemeji, nimupikie ndizi, utamupelekea."

Jamani, na aibu zangu hizi, nikakaa. Ninyi mngefanyaje?

Ndizi zikaiva. Akazifunga mwenyewe kwenye keria ya baisikeli.

"Umuambie akule yote."

Ndipo nikasema, "Shemeji, amekufa."

Akafungua kamba, akashusha ndizi, akakaa yeye pale kwenye keria.

Nikaendesha mpaka Kasese, tukashika njia ya Kilembe.