Siku Marwa Alipopita Majini

Sisi tuliokulia milimani Tarime miaka ile ya hamsini hatukujua kwamba korongo ni kitu cha kutembelea. Korongo lilikuwa njia. Ulilishuka ukiwa na mzigo kichwani, ukalipanda ukiwa na mzigo mwingine, na kama uliona uzuri wowote humo, uliuona huku shingo ikikuuma. Leo vijana wanapanda gari hadi Ikoma kutazama wanyama, wanarudi wamechoka kwa kukaa.

Korongo letu lilianzia chini ya mashamba ya migomba, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulikawia hadi jua lilipopanda, likateremka kwa kujipinda hadi karibu na bonde la mto Mara. Mwanzoni lilikuwa pana, na kuta zake zilikuwa na miti iliyojishikiza kwenye nyufa, huwezi kujua inakula nini. Pimbi walikaa juu ya mawe wakitutazama kama wazee wa baraza. Maji ya kijito yalikuwa baridi ya kuuma meno. Kwenye miteremko ya udongo tulikalia magome ya migomba na kuteleza hadi chini, na nguo zetu zilipotoboka nyuma tuliwaambia wazazi kwamba ni miiba. Walijua. Kulikuwa na mwiba gani unaotoboa wote mahali pamoja?

Katikati, korongo lilibana. Hapo njia ilikuwa ukingo mmoja wa mwamba, kushoto ukuta, kulia kidimbwi cha maji ya kijani. Watu wawili wangeweza kupishana kwa kubanana. Ng'ombe hakuweza hata kugeuka. Ndiyo maana kulikuwa na desturi: kabla ya kuingia sehemu ile, ulisimama ukapiga kelele kusema wewe ni nani na uko na nani, ukangoja kusikia kama yupo mtu ndani.

Desturi hiyo haikuwa kwa ajili ya ng'ombe tu. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake wana ensoni, yaani haya ya heshima. Hawatazamani usoni, hawashikani mkono, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani na kujificha kichakani hadi mwenzake apite. Katika korongo hakuna kichaka.

Sasa, juma lile dada yangu Bhoke alikuwa aolewe na kijana aitwaye Marwa. Harusi ilikuwa imesogezwa tayari, mara kwa msiba, mara kwa ukame, na Tata, yaani baba yetu, alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba ikisogezwa tena atarudisha ng'ombe wa watu na Bhoke atatafutiwa mwingine. Bhoke hakutaka mwingine. Alikuwa akisaga ulezi huku akiimba, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa limewahi kuonekana.

Asubuhi hiyo mama alishuka korongo kwenda kumchukua bibi bondeni kwa ajili ya sherehe. Alikuwa na mimi na Nyangi, mtoto wa baba yangu mdogo, tuliyelingana naye umri lakini si makelele. Tulipewa kikapu cha ndizi mbivu za kumpelekea bibi. Tulipofika penye kubana, kikapu kilikuwa kitupu. Mama alituuliza ndizi zimekwenda wapi, Nyangi akasema zilikuwa zinaanza kuharibika.

"Basi tumia hilo tumbo," mama akasema. "Piga kelele. Sema ni mama Bhoke na watoto."

Nyangi akajaza kifua. Lakini alipenda sana mwangwi wa korongo, na alipenda zaidi mwangwi uliotaja jina lake. Akaita, "Nyangiii!" Korongo likajibu Nyangi, Nyangi, Nyangi. Akaita tena. Kutoka ndani sauti ya mwanamume ikajibu, "Ni mimi!" Jibu hilo halikumsaidia mtu yeyote. Mama alidhani ni mpita njia asiye na mifugo. Tukaingia.

Tulipokata kona tukakutana na pua ya ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu, mnene, ameujaza ukingo wote. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Shemeji Marwa!" Nyangi akapaza sauti kwa furaha. "Mama mkubwa, ni shemeji! Analeta ng'ombe wa mwisho!"

Mama alijifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo. Wakionana uso kwa uso, wazee wangekaa, mbuzi wangechinjwa ili kuondoa aibu, na harusi ingesogezwa. Kurudi nyuma pia hakukuwezekana, si kwa mama wala kwa Marwa, kwa maana safari ya harusi hairudi nyuma. Aliyetumwa kwa ajili ya harusi akigeuka njiani, bibi arusi naye siku moja atageuka na kurudi kwao.

Tukasimama. Ng'ombe akaanza kulamba kikapu. Mwishowe mama akasema, uso ukiwa ukutani:

"Wewe ng'ombe, kwa nini umeingia bila kuuliza?"

Kisha sauti kutoka nyuma ya mkia:

"Ng'ombe alisikia watoto wanacheza. Hakujua kama kuna mtu mzima."

"Ng'ombe ana masikio makubwa hivyo, hayamsaidii?"

"Ng'ombe anaomba radhi."

"Mama mkubwa," Nyangi akasema, "huyu ng'ombe anaongea vizuri kuliko mwalimu wetu."

"Wewe funga mdomo! Ndiwe uliyetuingiza humu."

Kulikuwa na ufa ukutani ambamo mama angeweza kujibanza mtamba akapita. Lakini Marwa kupita hapo, kifua chake karibu na mgongo wa mama mkwe, hilo halikufikirika. Njia iliyobaki ilikuwa majini, na mtu wa milimani hajui kuogelea. Nyangi akatoa shauri kwamba shemeji avae kikapu kichwani, ili hata mama akikosea kugeuka asione uso. Sisi tungemwelekeza.

Marwa akakubali. Nikampitishia kikapu chini ya tumbo la ng'ombe. Akashuka kwenye kidimbwi, maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani, kikapu kimemfunika hadi mabegani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye heshima zake, kiongozi wa ngoma kijijini kwao.

"Kushoto, shemeji!" Nyangi akaamuru. "Kushoto tena!"

Tatizo ni kwamba Marwa alikuwa anakuja ametuelekea, na kushoto kwa Nyangi kulikuwa kulia kwa Marwa. Nyangi hadi leo anasema hakulifikiria. Namwamini, ila sijaelewa kwa nini alikuwa anacheka. Marwa alikwenda kushoto kwake kwa utii, hatua baada ya hatua, mpaka palipokuwa na shimo. Akapotea. Kikapu kikabaki kinaelea.

Nyangi akaacha kucheka. Mkono mmoja ukatokea, ukashika hewa, ukazama.

"Anasemaje ng'ombe?" mama akauliza ukutani.

"Mama, anazama!" nikalia.

Hapo mama akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alivua kanga kichwani, kinga pekee aliyokuwa nayo, akaisokota, akageukia maji huku amefumba macho. "Nitupe wapi?" Nyangi akasema, "Mbele, mama mkubwa! Kulia! Kulia kwako!" Kanga ikatua. Mkono ukaishika. Mama akaegemeza mguu kwenye mwamba akavuta, akavuta kama anayeng'oa kisiki, na Marwa akatoka upande wa juu, akalala juu ya jiwe kama kambare, macho ameyafumba kwa nguvu.

Mama alishageukia ukuta.

"Ng'ombe amefika?" akauliza.

"Ng'ombe amefika," Marwa akajibu kati ya kutapika maji. "Ng'ombe anashukuru."

Akatambaa akapotelea konani. Tukapenya chini ya tumbo la mtamba, tukamchapa matako, akampita mama pale kwenye ufa akamfuata mwenyewe.

Nyangi hakuwa mtu wa kutunza siri. Kabla ya jioni wazee walikuwa wamekaa uani kwetu, na Bhoke alikuwa nyuma ya nyumba, ameacha kuimba. Tata akauliza kama mama alimwona mkwe. Mama akajibu kwamba alifumba macho. Marwa, aliyekaa mbali amegeuza mgongo, akasema maji yalimjaa, hakuona hata mkono wake. Wakamgeukia Nyangi.

"Walifumba wote wawili," Nyangi akasema. "Mimi ndiye niliyewaangalizia."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na mzee akicheka barazani kesi imekwisha. Wakaamua kwamba kuvutana kwa kanga si kushikana, na kwamba hakuna aliyerudi nyuma. Bhoke aliolewa juma lile lile. Mimi nilikuwa karibu na mama pale ukingoni, na naweza kushuhudia kwamba jicho lake la kulia alilifumba kikamilifu. La kushoto silisemi.

Siku hizi korongo limemezwa na vichaka, watu hupita barabarani. Mabinti zangu wameolewa. Juzi mkwe wangu alikuja, akanishika mkono akautikisa, akakaa kwenye kiti changu, akageuza redio yangu kutafuta muziki wake, akaniuliza, "Mama, leo tunakula nini?" Ni kijana mzuri, anampenda mwanangu. Lakini nilimtazama hapo alipokaa, nikajiuliza kama angekubali kulowesha hata soksi kwa ajili ya kunistahi. Na je, angezama, ningemtupia kanga? Ningemtupia. Ila ningemwacha kwanza ameze maji kidogo.