Nusu ya Wimbo wa Vernell

Kanisani kwao, lile la Wabaptisti kando ya reli huko kusini mwa Georgia, kila mtu alijua mambo mawili kuhusu Vernell Tuggle: kunde zake hazina mpinzani, na haimbi. Anakaa benchi la nyuma na kofia yake ya zambarau, wenzake wakipaza sauti yeye anachezesha midomo tu. Miaka sitini hivyo hivyo. Kanisa la weusi, la watu wanaoimba mpaka kwenye foleni ya chakula, halafu mmoja haimbi, hebu fikiria.

Na zamani yeye ndiye alikuwa mwanzishaji. Yaani hamna piano, hamna kitabu. Mmoja anatupa mstari, watu wanaujibu, mpaka mbao za sakafu zinatetemeka. Mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na sita, alikamatwa kwenye maandamano ya kudai haki pamoja na dada yake Ozie na wanawake thelathini, wakashindiliwa selo moja. Humo humo wakatunga wimbo wao. Vernell anauliza, Ozie anaongoza wenzake kujibu.

Askari jela akaja. "Mkiimba tena, nabeba magodoro."

Wakanyamaza. Ozie alikuwa anakohoa tangu juzi. Vernell akamtazama.

"Unanitazamia nini?" Ozie akamwambia. "Anzisha."

"Utalala kwenye chuma, dada."

"Kwani hilo ni godoro? Lina kunguni wengi kuliko pamba. Anzisha, we mtoto."

Akaanzisha. Magodoro yakabebwa. Siku tano kwenye chuma kitupu, na kifua cha Ozie hakikupona tena. Februari wakamzika. Hakuna aliyemlaumu Vernell ila Vernell mwenyewe, na huyo alitosha.

Sasa mwezi wa tatu mwaka huu akafariki Arletha, mwenzake wa mwisho kati ya wale wa selo. Akabaki Vernell peke yake na ule wimbo. Mjukuu wa kaka yake, Tamika, anayeongoza kwaya, akamfuata jikoni na simu mkononi.

"Bibi, imba kidogo tu nikurekodi."

"Ule hauimbwi na mtu mmoja. Ni sawa na kupiga hodi halafu ujikaribishe mwenyewe."

"Basi tufundishe kwaya."

"Haufundishwi. Unaanzishwa, watu wanajibu. Sisi tulifundishwa na nani?"

"Bibi una kiburi kama paka wa mchungaji."

"Paka wa mchungaji anakula kuku. Wewe menya kunde."

Alijibu hivyo, lakini wiki ile maneno ya Tamika hayakumtoka akilini. Akifa na ule wimbo, Ozie alilalia chuma kwa ajili ya nini? Basi Jumapili ya kumbukumbu ya Arletha akamwambia mchungaji, "Leo naanzisha mimi."

Akasimama mbele. Sauti ilitoka na mikwaruzo, ila ilitoka.

"Nani ameshika ufunguo?"

Akanyamaza, kama inavyotakiwa, kuwapa watu nafasi.

Kimya. Watu mia mbili, simu juu, wanasubiri aendelee. Wengine machozi yanawalenga. Walidhani anaimba peke yake na huo ndio mtindo wake. Akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Kimya tena, kile kimya cha heshima kabisa. Halafu mmoja akapiga makofi, na kanisa zima likasimama kumpigia.

Vernell akarudi kukaa.

Tamika akaja kuchuchumaa pembeni yake. "Bibi, nimeelewa. Tulitakiwa kujibu sisi. Niambie tunajibuje, turudie sasa hivi kabla watu hawajatoka."

Vernell akavua kofia yake, akaiweka mapajani.

"Majibu yalikuwa ya Ozie," akasema. "Wao wakijibu, mimi nilikuwa navuta pumzi ya mstari wangu unaofuata. Maneno yao sikuyashika."

"Hata neno moja, bibi?"

Akaimba swali lake chini chini, akasita pale pa majibu. Akaimba tena, akasita pale pale. Watu wakaanza kutoka kwenda kula, wakipita wanamgusa bega, wanamwambia ameimba vizuri. Tamika akazima simu, akamshika mkono. Vernell akaanza tena swali.