Shuka ya Korongoni

Kila Desemba, mabasi ya Arusha yanapoanza kuteremsha watu Karatu, padre wetu husimama kanisani na kuuliza swali lile lile: wewe utamfanyia nini jirani yako sikukuu hii? Basi watu hujitolea. Wako wanaopiga deki kanisa, wako wanaowachotea wazee maji, na vijana wa kwaya huenda kuwaimbia wagonjwa, wagonjwa wapende wasipende. Hyasinta yeye alijitolea korongo.

Wageni wakisikia hivyo hucheka, maana hulikuta korongo letu la Baray likiwa mchanga mtupu, mpana, mbuzi wamelala katikati. Hawajui kwamba mvua hunyesha kule juu, mlima Oldeani, huku sisi jua linatuchoma shingo. Halafu maji yanashuka bila hodi, na matope, na mawe, na miti mizima iliyong'olewa. Bartolomeo, mume wa Hyasinta, alichukuliwa hivyo hivyo akitoka kupeleka vitunguu, na angani hakukuwa na wingu.

Ndiyo maana Hyasinta alichagua sikukuu. Siku nyingine wanaopita pale ni sisi wenyewe, na sisi ni waoga. Desemba wanarudi watoto wetu waliokaa mjini mpaka wakasahau woga.

Kazi yake aliifanya na Simel, mfugaji wa Kimaasai anayechungia kule juu, waliyefahamiana mnadani. Kwa Simel mtandao hushika kwenye mwamba mmoja tu. Akiona mvua imekamata mlima, hupanda pale, humbipu Hyasinta mara moja, kisha huwafuata ng'ombe wake, na ukimpigia hapatikani tena. Kwa hiyo Hyasinta alijua mvua imenyesha, lakini hakujua ni kubwa kiasi gani, wala maji yatafika saa ngapi, wala kama yatafika. Mara nyingine mchanga huyanywa yote njiani. Yeye alichofanya ni kupandisha shuka nyekundu aliyopewa na Simel kwenye mti mrefu aliouchimbia ukingoni. Shuka ikiwa juu, hapiti mtu, wa upande wetu wala wa ng'ambo. Ukiikuta imepanda nawe uko njiani, unasimama hapo ulipo. Watoto wetu tumewafundisha hivyo kabla hawajajua kusoma.

Alitukanwa sana. Mwaka mmoja aliwazuia maharusi wakakaa juani mpaka bibi harusi akalia, na maji hayakuja. Walimwita mchawi. Yeye alisimama pale anatafuna muwa wake. Nilimpenda kwa hilo, na mimi si mtu wa kupenda watu ovyo. Mashamba yetu ya vitunguu yamepakana, kwa hiyo namjua vizuri.

Mkesha mmoja wa Krismasi Simel alibipu asubuhi. Shuka ikapanda. Mimi nilikuwepo ukingoni kwa sababu mdogo wangu, Inosenti, alikuwa ng'ambo na pikipiki yake, ametoka Arusha, nyuma amefunga kiti cha plastiki cha bluu alichomnunulia mama. Alikuwa ananipungia mkono, ananionyesha kile kiti kwa kidole. Wenzake waliokuwa wanasubiri naye walikuwa wamekaa chini ya mgunga, wanakula mahindi.

Ndipo ikaja Noah ya Yasini, dereva wa Karatu, kutoka upande wa nyumbani. Ndani alikuwemo Felista, binti yake Hyasinta, aliyekuja likizo, na mtoto wake Paskalina mapajani. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku, na sasa degedege lilikuwa limemkamata mara ya pili. Nesi wa zahanati alikuwa amewaambia wamkimbize hospitali Karatu, ng'ambo ya korongo, wasingoje kitu.

Yasini alizima gari, akashuka. "Mama Felista, mimi nangoja neno lako," akasema. "Ukisema twende, tunakwenda. Ukisema tukae, tunakaa."

"Simel amebipu," Hyasinta akajibu.

"Amebipu lini, mama?" Felista akauliza kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Asubuhi."

"Na maji yako wapi?"

Hyasinta aliangalia juu. Mlima haukuonekana, ulikuwa umefunikwa, na upepo uliokuja kutoka kule ulikuwa wa baridi. Akampigia Simel, hapatikani. Akapiga tena. Felista akashuka na mtoto, akaja akasimama mbele ya mama yake, akamfunua kanga usoni ili bibi yake amwone. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka.

"Mama, shusha shuka," akasema. "Ni mjukuu wako."

Mbuzi walikuwa bado wamelala katikati ya korongo. Nilijiambia kwamba mbuzi wana akili kuliko sisi, kama kungekuwa na kitu wangeshaondoka. Hyasinta alikuwa ameikaza kamba kiasi kwamba mishipa ya mikono ilimtoka. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu, "Yasini, peke yako. Pita upesi, nami narudisha juu."

Akashusha shuka.

Noah iliruka ikaingia mchangani, ikayumba, ikatokea ng'ambo, ikaondoka bila kusimama. Ilikuwa muda mfupi sana. Lakini shuka haiwezi kushuka kwa mtu mmoja. Wa ng'ambo hawakusikia "peke yako". Waliona tu kwamba imeshuka, na wa kwanza kuingia, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa tayari inanguruma na mama alikuwa anamsubiri, alikuwa Inosenti.

Hyasinta akamwona, akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Shuka ikapanda.

Na mdogo wangu akasimama. Alikuwa katikati kabisa. Angeendelea angetufikia. Lakini alifundishwa tangu utoto, naye hakuwa mbishi hata siku moja, kwa hiyo aliiona shuka iko juu akakanyaga breki, akaweka mguu mchangani, akatuangalia tumwambie la kufanya. Mbuzi wakainuka wote kwa pamoja. Mimi nikaita jina lake, Hyasinta akaita, tukampungia mikono aje, aje, na kutoka kule alikuwa haoni kama tunamwita au tunamrudisha. Kisha mlio wa maji ukafika, na hatukusikiana tena.

Paskalina alipona. Inosenti tulimzika baada ya sikukuu, maana maji yalimpeleka mbali, karibu na Ziwa Eyasi. Kiti kilinasa kwenye matawi ya mgunga huko chini, hakikuvunjika hata mguu. Mama hakukitaka ndani ya nyumba.

Nilimchukia Hyasinta mwaka mzima. Nililima nimempa mgongo. Desemba ilipofika na padre akauliza swali lake, nilinyoosha mkono nikasema korongo, na watu wakageuka kuniangalia. Hyasinta alikuja akanikuta nimeshika kamba. Hakuniomba. Alitoa simu kifuani, akasimama pembeni yangu, na tangu hapo ndivyo tunavyofanya: yeye simu, mimi kamba. Mara moja tu aliniuliza, "Yule mtoto angekuwa wako, ungefanyaje?"

"Ningeshusha," nikamwambia. "Ndiyo maana sitaki uishike."

Kile kiti nilikipeleka pale ukingoni. Nakikalia mimi, yeye hajawahi kukikalia, hata miguu imvimbe. Mwaka huu Felista alikuja likizo na Paskalina, ambaye sasa anakimbia na kuuliza maswali. Niliinuka kunyoosha mgongo, mtoto akapanda kwenye kiti, akaanza kuchezesha miguu. Hyasinta akanyoosha mkono kumshusha, uso umembadilika.

"Mwache akae," nikasema.

Simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Juu yetu kulikuwa kweupe, jua kali. Nikapandisha shuka, nikaifunga kamba mafundo mawili, na ng'ambo gari likaanza kupiga honi.