Jeli ya Esai

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya Goma, Mkurugenzi hata hakunisalimu. Alininyooshea kidole kwenye friza: "Bahati, kazi yako iko hii. Ikiharibika, unarudia kwenu Kiwanja."

Nyinyi vijana mnaonunua kila kitu kwenye pakiti, niwaeleze tulivyofanya. Polima ni molekuli ndefu zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Yetu ilikuwa unga mweupe. Tuliuyeyusha katika maji ya moto, tukaumimina kwenye sahani, tukaugandisha, tukauacha uyeyuke, tukaugandisha tena, mpaka ukawa utando laini uliojaa maji. Huo ndio haidrojeli. Ukiulaza juu ya jeraha la moto, unapoza na hauachi nyama ikauke. Umeme wa Goma ulikatika ovyo na friza kuzima, basi kazi ya kuyeyusha tulifanyiwa bure. Mpishi wa unga alikuwa Mama Kavira, mwenzangu kutoka Butembo, mwenye mikono mepesi na ulimi mkali. Mara nyingi mimi na yeye tulijibandika jeli ile kwenye ngozi zetu kuona kama inadhuru, Mkurugenzi akitazama.

Kisha volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Lava ilishuka hadi katikati ya mji, na Mama Kavira alipokuwa akiwatoa watoto wake nje, pipa la mafuta la jirani likashika moto. Mkono wake wa kulia uliungua wote. Nilimkuta hospitali amefungwa bendeji kavu iliyogandamana na nyama, na kila walipoibandua alipiga mayowe. Nikakimbia kwa Mkurugenzi. Alikuwa akipakia sanduku la jeli kwenye gari avuke nalo mpaka, akimbilie nchi jirani.

"Patron, munipatie hata moja tu ya Mama Kavira."

"Ile ni ya esai, haiko dawa. Mutu akikufa, nani atajibu?"

Esai, yaani jaribio. Nilimsihi mpaka akafunga mlango wa gari.

Yangeishia hapo, ningemsamehe, maana dawa ina taratibu zake. Lakini aliporudi, kamanda mmoja wa waasi walioshika mji alikuja maabara ameungua mkono kwa chai. Chai! Mkurugenzi alifungua sanduku lilelile, akambandika jeli kwa mikono yake mwenyewe, akitabasamu: "Mon commandant, hii ni dawa yetu, haina shida." Wakati huo mkono wa Mama Kavira ulikuwa umekwisha kupona vibaya, vidole vimeshikana, hawezi hata kujifunga kitenge.

Waasi wale waliondoka, wakaja wengine kwa jina jingine. Mkurugenzi alibaki kwenye kiti chake, nami nikabaki kwenye friza kwa sababu nilikuwa na watoto wa kusomesha. Nilipostaafu alinipa zawadi mbele ya wageni: utando wa jeli uliokaushwa, umewekwa ndani ya kioo, eti kumbukumbu ya huruma ya maabara yetu. Huruma gani? Wageni walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Nyumbani nilivunja kile kioo, nikautia utando kwenye beseni la maji. Jeli iliyokauka hunywa maji ikalainika upya. Ilipolainika nilimpelekea Mama Kavira, kambini Kanyaruchinya, alikokuwa amekimbilia kwa sababu ya vita vya safari hii. Aliigusa kwa vidole vyake vilivyoshikana, akacheka, kisha kicheko kikaisha.

"Papa Bahati," akaniuliza, "sasa hii iko esai, ao iko dawa?"