Harufu ya Kipande cha Gabi

Endale Mulat alipoteza pua mwezi wa Agosti, mvua zikiwa zimekolea, na kwa wiki sita hakuna aliyejua isipokuwa mkewe na daktari. Pua yenyewe ilikuwa palepale usoni, ndefu na nyembamba kama ya marehemu baba yake. Kilichoondoka ni harufu. Homa ilimlaza siku nne, na siku ya tano alipoamka mwili mwepesi, mkewe Wagaye akamletea kahawa kitandani. Akaisogeza puani kabla ya kuionja, kama alivyozoea. Hakupata kitu.

"Hii umeipasha ya jana?" akauliza.

"Nimeikaanga sasa hivi," Wagaye akajibu. "Nyumba nzima inanuka. We husikii?"

Hakusikia. Akapiga funda, ikawa kama maji ya moto yenye uchungu.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwa Endale lilikuwa msiba. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwatembeza wageni Addis Ababa kwa miguu, kutoka kwenye kifungua kinywa cha maharage ya ful pale Arat Kilo, hadi kwenye viungo vya soko la Merkato, hadi kwenye kahawa ya alasiri nyumbani kwa bibi mjane wa Sidist Kilo aliyeitwa Emama Askale. Na kilichomtofautisha na watembezaji wengine ni pua. Wageni walimfunga kitambaa machoni, wakampitishia buni zilizokaangwa, naye akasema hizi za Harar, hizi za Sidama, hizi zimelala gunia moja na vitunguu. Hakukosea. Wengine walikuja kwa ajili ya mchezo huo tu, wameambiwa na wenzao waliotangulia.

Daktari wa pua na koo alimmulika kwa tochi, akamwandikia dawa ya kudondoshea, akamwambia anuse karafuu na ndimu kila asubuhi.

"Itarudi?" Endale akauliza.

"Inaweza kurudi. Inaweza isirudi."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Subiri," daktari akasema, akaita mgonjwa anayefuata.

Basi akasubiri. Kila asubuhi alisimama jikoni na karafuu yake, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kazini akajifunza kudanganya. Kahawa aliihukumu kwa masikio, kwa jinsi buni zinavyopasuka kikaangoni. Pilipili aliihukumu kwa rangi. Kuhusu mchezo wa kitambaa, akawaambia wageni kwamba ana mafua kidogo, na mafua hayo yakaendelea wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Wagaye alimsihi aseme ukweli kwa kampuni. Endale akasema baada ya sikukuu ya Msalaba atasema.

Alhamisi moja kabla ya sikukuu hiyo, mvua zikianza kukatika na maua ya njano yakiuzwa kila pembe ya barabara, alipewa wageni watatu. Wawili walikuwa mke na mume wa Kiitalia, walimu wastaafu waliopiga picha kila kitu mpaka mitaro. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sura ya pale pale Addis, ambaye wauzaji walimsalimu kwa Kiamhari naye akaishia kutabasamu na kutikisa kichwa. Jina lake Mihret. Alichukuliwa kutoka kwenye kituo cha watoto yatima akiwa na miaka miwili, akalelewa Uswidi na wazazi wa huko, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi.

Asubuhi nzima hakuuliza maswali mengi. Lakini Merkato, walipotoka kwa Shemsu muuza viungo, Endale bado ameshika mafungu mawili ya majani makavu ya koseret aliyotaka kuwaonyesha, Mihret akamgusa mkono.

"Nimeambiwa unajua kila harufu ya nchi hii."

"Watu wanatia chumvi," Endale akasema.

"Nina kitu nataka unuse. Ila si hapa. Hapa kuna harufu nyingi mno."

Akawaomba wale walimu wasubiri, wakaingia wawili kwenye kibaraza cha duka la mablanketi. Mihret akatoa mkobani bati dogo la biskuti lililofungwa kwa utepe wa kubandika, na kabla ya kulifungua akaeleza upesi upesi, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake. Siku alipopokelewa kituoni alikuwa amefungwa kwenye kipande cha gabi, shuka nzito ya pamba. Karatasi zilizoandikwa alikotoka zilipotea. Mama yake alifariki, ndilo pekee alilojua. Mama wa Uswidi hakuifua ile shuka. Aliifungia ndani ya bati. Ilikuwa na harufu, na Mihret alikuwa akiifungua kila siku yake ya kuzaliwa, mara moja, kwa sekunde chache.

"Kila nikiifungua inapungua," akasema. "Nimewapa watu kule wanuse. Mmoja aliniambia chai, mwingine akasema ngozi. Hakuna anayejua. Mimi nataka tu kujua ni kitu gani, na watu wa wapi wanakitumia."

Endale alitaka kusema, dada yangu, umefika kwa mtu asiye na pua. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini Mihret alikwisha vuta utepe, kifuniko kimefunguka, na bati limeletwa chini ya uso wake kwa mikono miwili. Aliona kitambaa kimekunjwa, cheupe kilichogeuka rangi ya majani ya chai. Akainama. Akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Hewa iliingia baridi, tupu, ikatoka.

"Haraka," Mihret akanong'ona.

"Koseret," Endale akasema.

Hakujua neno lilitokaje. Pengine kwa sababu majani yenyewe yalikuwa mkononi mwake.

Bati likafungwa. "Koseret ni nini?"

Sasa alikuwa ameshaingia, akaendelea kuzama. Akamwonyesha yale majani. Akamwambia kwamba wanawake huyatia kwenye samli, na kwamba wanaoyapenda zaidi ni Wagurage, upande wa Welkite, na kwamba shuka iliyotunzwa kwenye nyumba ya samli hushika harufu hiyo. Kila alichosema kuhusu koseret kilikuwa kweli. Mihret akachukua fungu, akalinusa, akafunga macho. Machozi yakamtoka.

"Ndiyo," akasema. "Nadhani ndiyo. Kuna kitu hapo."

Hapo Endale akaelewa kwamba mtu aliyesubiri miaka thelathini atasikia harufu yoyote utakayomtajia.

Mchana walikula nyama ya kusaga yenye samli. Mihret alikula kwa mikono yote miwili huku akiwasimulia walimu, nao wakamkumbatia. Akamwuliza Endale kama inawezekana kupata gari la kwenda Welkite Jumamosi, akae hata siku mbili, atembee tu sokoni, awatazame watu usoni. Endale akasema ataulizia. Tonge akalirudisha sahanini. Alijiambia atamweleza wakifika barabarani, wakafika barabarani. Akajiambia wakipanda kile kilima, wakapanda. Kila hatua ilifanya jambo lenyewe kuwa gumu zaidi, na alijiona kama mtu anayetazama sufuria ikifurika akiwa amefungwa mikono.

Emama Askale aliwapokea mlangoni kwa shela nyeupe. Majani mabichi yalikwisha tandazwa sakafuni, ubani unafuka kwenye chetezo, mkaa umeshika. Akaosha buni, akazikaanga taratibu, akapitisha kikaango kwa kila mmoja ili avutie moshi kwake kwa kiganja. Endale naye akavuta, akasema, "Safi sana, Emama," kama alivyosema wiki zote sita.

Ilikuwa kwenye kikombe cha kwanza Mihret alipotoa lile bati. Furaha ilikuwa imemjaa, akataka kumshirikisha bibi. Kabla Endale hajanyanyuka, kifuniko kilikwisha funguliwa na Emama Askale amelisogeza puani, na uso wake ukalegea.

"Ah, weyra," akasema kwa Kiamhari. "Moshi wa mzeituni wa mwituni. Masikini, mama yake alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa, na mtoto mgongoni."

Mihret akamgeukia Endale, macho yanang'aa. "Anasema nini?"

Chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua lugha zote mbili, ya bibi na ya wageni. Angeweza kusema, anasema ni koseret. Angeweza kusema, anakutakia safari njema ya Welkite. Bibi asingejua, mgeni asingejua, na gari lingeondoka Jumamosi. Alifungua mdomo ili aseme hivyo hasa. Akamwona Emama Askale bado ameinamia lile bati, analifunika kwa kiganja, kwa upole, harufu isitoke.

"Anasema si koseret," Endale akasema. "Ni moshi. Kuna mti tunauchoma kusafishia vibuyu vya maziwa. Amesema mama yako alikuwa akiifanya kazi hiyo, na wewe mgongoni kwake."

"Moshi." Mihret akarudia neno. "Na hilo wanafanya wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali wapi?"

"Gojjam. Wollo. Shewa. Arsi. Mama yangu mwenyewe alifanya, hapo Gulele, nusu saa kutoka hapa. Popote penye ng'ombe na mti huo."

Wale walimu walikuwa wameweka vikombe chini. Mihret akalichukua bati, akabandika utepe wake pande zote, akihakikisha haukujikunja.

"Wewe uliniambia Welkite."

"Sina pua, dada. Tangu Agosti sisikii harufu yoyote. Ulipolifungua sikutaka kukwambia. Nikasema tu kitu."

Hakumfokea. Pengine angemfokea ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kigoda akitazama majani sakafuni, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kwa saa nne nilikuwa na mahali."

Emama Askale aliuliza kulikoni, na Endale akamweleza yote, kuanzia homa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tangu Agosti?"

"Tangu Agosti, Emama."

"Na kila wiki unakaa hapo unanisifia kahawa."

"Ndiyo."

"Juzi iliungua," bibi akasema. "Nikakushangaa. Nikasema huyu sasa anaona haya kunikosoa, nimezeeka."

Kisha akamsogelea Mihret, akamshika goti. Kwenye kisanduku chake kulikuwa na vijiti vya weyra. "Mwambie anipe hicho kitambaa," akamwambia Endale. "Nikifukize sasa hivi, dakika tano tu. Kitanuka kama siku aliyozaliwa, miaka mingine thelathini."

Endale akatafsiri. Kidole cha Mihret kilikwenda kwenye utepe, kikaanza kuubandua, kikasita.

"Mshukuru," akasema. "Ila huo utakuwa moshi wake yeye, si wa mama."

Bibi alipotafsiriwa maneno hayo akarudi kwenye birika lake. Hakuwa na kingine cha kutoa zaidi ya kahawa. Wakanywa cha pili, wakanywa cha tatu, kile cha baraka, kwa sababu kuondoka kabla yake ni kumvunjia mwenyeji heshima, na hakuna aliyetaka kumvunjia heshima. Mihret akambusu bibi mashavu yote mawili, mara tatu, kama alivyofundishwa asubuhi. Kwa Endale alitikisa kichwa tu. Gari la Welkite halikutajwa tena. Jumapili alirudi Uswidi.

Jumatatu Endale akaenda kampuni akasema. Walimhurumia, wakampangia kuonyesha makanisa na makumbusho, mahali pa macho na masikio. Matembezi ya chakula akapewa msichana mmoja mwerevu aliyekuwa mwanafunzi wake, na Endale alipokutana naye na wageni wake mtaani aliwaamkia kutoka upande wa pili wa barabara na kupita. Karafuu na ndimu aliendelea nazo hadi Novemba, halafu akaacha, halafu akarudia kwa kuwa Wagaye alimwona ameacha na hakusema kitu.

Januari, siku chache baada ya Krismasi ya Kiethiopia, akapata ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa Mihret. Aliuliza kama pua imerudi. Endale akajibu bado. Akaomba radhi, kwa mara ya kwanza bila kujitetea. Dakika nyingi zikapita, kisha ukaja ujumbe mwingine. Alikuwa amefungua bati siku yake ya kuzaliwa, na halikutoa kitu. Alikuwa na swali moja. Je, Endale anaweza kumwandikia, kwa maneno, moshi wa weyra unanukaje?

Endale akakaa na simu mkononi. Miaka kumi na tisa alikuwa na maneno ya kila harufu: hii tamu mwanzoni, ile ina udongo wa mvua ya kwanza. Akaandika kwamba ni moshi mzito. Akafuta. Akaandika kwamba unafanana na maziwa yaliyokaribia moto. Akafuta, maana hakukumbuka tena kama ndivyo au ametunga. Akavaa koti, akapanda hadi Sidist Kilo, akamwomba Emama Askale achome kijiti kimoja. Bibi akachoma. Moshi ukapanda wa buluu, ukamwasha macho.

"Niambie, Emama. Unanukaje?"

Bibi akavuta pumzi. Akafikiri, akavuta tena.

"Unanuka weyra, mwanangu," akasema. "Nikwambie nini kingine?"

Wakakaa mpaka kijiti kikaisha. Kisha Endale akatoa simu, akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa, akatuma.