Amen ya Kurasa Nane

Kwaya ya kanisa letu la Matinyani ilikuwa na watu arobaini na wawili, na wote walijua kutikisika wakiimba. Hilo ndilo lililoanza kumuudhi mwalimu wa kwaya aliporudi kutoka Nairobi, alikokwenda kwa kozi ya muziki ya wiki mbili. Aliondoka akiwa mtu wa kawaida, fundi wa redio na simu ambaye pia anajua kinanda. Alirudi na skafu shingoni, mwezi wa Oktoba, wakati ambapo hata mbuzi wetu hutafuta kivuli ikifika saa tatu asubuhi.

"Kuanzia leo," alituambia, "tunaimba Baroki."

Mwenyekiti wa kina mama, ambaye sauti yake huita ng'ombe kutoka ng'ambo ya pili ya bonde, aliinua mkono. "Mwalimu, huyo Baroki ameokoka?"

"Si mtu, mama. Ni muziki wa kale wa Ulaya."

"Na waliouimba wako wapi?"

"Walikufa wote."

"Basi," mama akasema, akaketi kama mtu ambaye hoja yake imepita.

Wimbo wenyewe ulichukua saa moja na nusu. Ulikuwa habari ya Nuhu na gharika kwa Kilatini, wa kuimbwa na kwaya pamoja na wapiga fidla, bila mavazi, bila kuigiza, bila mtu kuhama mahali pake. Mwalimu aliuita oratorio. Hatukuwa tumeona mvua tangu Mei, na sasa tulipewa kazi ya kuimba jinsi dunia ilivyojaa maji.

Kisha akasema kwamba zamani zile kwaya ya namna hii ilikuwa ndogo. Alitaka watu kumi na sita, wanne kwa kila sauti. Wengine ishirini na sita wangekaa na kusikiliza. Hapo ndipo kanisa lilipogawanyika, maana katika watu hao ishirini na sita walikuwamo kina mama waliochangia vazi la kwaya, kinanda cha kwaya, na hata kiti alichokalia mwalimu alipokuwa akiwafukuza.

Mimi niliishia darasa la nane. Kazi yangu ni kupepeta na kuuza ndengu katika soko la Tulia. Kwenye kwaya nilisimama safu ya nyuma kabisa, nyuma ya mama mmoja mpana, na kwa miaka mitatu pasta hakujua kwamba mimi ni mwanakwaya. Mahali pale palinifaa sana. Sokoni mteja akiniuliza bei mbele ya watu, sauti hunipotea. Nyumbani wageni wakija, huwa nakumbuka ghafla kuni za kwenda kuokota. Ni kwenye kwaya tu nilikoweza kufungua kinywa hadi mwisho bila mtu kunigeukia, na sikutaka kupapoteza. Kwa hiyo nilipanga foleni ya majaribio, nikiwa nyuma ya binti wa mzee wa kanisa, aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu na aliyesema "Kilatini" kama mtu aliyewahi kufika huko.

Kilatini kilikuwa na uzuri mmoja, nacho ni kwamba hakuna aliyekijua. Waliofika chuo na sisi wa darasa la nane tulikuwa wajinga sawasawa. Noti mwalimu alikuwa ametuandikia kwa do-re-mi, na hizo nilizijua tangu shule ya msingi. Lakini hakutupima kwa noti.

"Kuimba mnajua," alisema. "Natafuta anayejua kunyamaza. Nitagonga meza mara ishirini. Ya ishirini na moja, ingia."

Watu walianguka kama mahindi. Mmoja aliingia ya tisa, mwingine ya kumi na tatu. Kanisani kwetu kimya kikizidi kidogo, maana yake kuna mtu amesahau kitu, na kila mmoja hukimbilia kuokoa hali kwa pambio. Mimi niliingia ya ishirini na moja. Sikufanya maajabu. Kunyamaza ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekifanyia mazoezi tangu utotoni.

"Wewe wa ndengu, umeingia," mwalimu akasema. "Lakini ukikosea kuingia mara moja tu, unarudi nyumbani. Sina nafasi ya abiria."

Mazoezi yalichukua miezi mitatu. Miezi hiyo ilitumika zaidi kutufunza kutotikisika. Mwalimu alisema Baroki inaimbwa mwili ukiwa umetulia, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kulikuwa na mwendesha bodaboda mmoja wa sauti ya teno ambaye bega lake la kushoto lilicheza lenyewe. Mwalimu alimwekea kikombe cha maji kichwani. Mwisho wa mwezi wa kwanza bega lilitulia, na sauti nayo ikatulia kabisa, haikutoka tena.

Wa alto tulikuwa wanne, na kiongozi wetu alikuwa yule binti wa chuo. Baada ya muda niligundua kwamba hahesabu. Wala wale wengine wawili hawakuhesabu. Walikuwa wakinitazama kifua kwa pembe ya jicho. Nikivuta pumzi, nao wanavuta. Nikikohoa, nao wanaingia. Niliwaacha wanitazame, na yeye akaendelea kuwa kiongozi.

Kipande cha mwisho kilikuwa neno moja, Amen, na lilijaza kurasa nane. Mama yangu alinikuta nikilifanyia mazoezi nikichambua ndengu.

"Mnasema nini humo kwa kurasa zote hizo?"

"Amen, mwaitu."

"Na ukurasa wa pili?"

"Amen."

Alifikiri. "Hao watu hawakuwa na shamba," akasema, akaenda zake.

Ukurasa wa saba kulikuwa na jambo la ajabu. Wote walinyamaza, fidla na kwaya pamoja, kwa hesabu kumi na mbili. Halafu alto peke yao waliingia taratibu, na nyuma yao zikaja sauti nyingine, moja baada ya nyingine. Mwalimu alisema hapo ndipo Nuhu anapofungua dirisha. Alisema pia kwamba kimya hicho ndicho kitakachotenganisha wasomi na washamba, akatutazama sisi wa alto kwa zamu, akaishia kwangu.

Okestra ilifika kutoka Nairobi Jumamosi asubuhi. Walikuwa watu saba, wote wamevaa nyeusi kama waliotumwa kuzika mtu. Walikuwa na fidla nne, fidla moja kubwa ya kuwekwa katikati ya magoti, tarumbeta moja, na kinanda ambacho sauti yake ilikuwa kama vijiko vinavyomwagwa ndani ya karai. Walianza kukaza nyuzi zao. Vumbi letu liliwasumbua, wakakaza kwa nusu saa. Wale ishirini na sita walikuwa wamekaa safu ya mbele, mikono wamekunja kifuani, na mwenyekiti wa kina mama akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika hadi nje, "Zimeharibikia njiani. Wanatengeneza."

Kanisa lilijaa. Wageni walikuja kutoka Kitui mjini, na mchungaji mmoja alitoka Kilungu, upande wa Makueni, aliyesikia kwamba Matinyani kuna maajabu. Tulianza. Kusema kweli tuliimba vizuri. Tulimaliza watu kwa gharika bila mtu kutikisa hata kidole. Mama mmoja alijitokeza na leso kumtunza mwimbaji wa besi, akaifunga shingoni mwake katikati ya maangamizi ya dunia, naye akaendelea kuangamia akiwa na maua mekundu kifuani.

Kisha ikaja Amen.

Kanisani kwetu watu wakisikia Amen husimama. Mamia ya watu wakasimama, wakafunga macho, wakangoja baraka. Sisi tukaendelea. Ukurasa wa kwanza wakavumilia. Ukurasa wa tatu watoto walianza kuketi na kuinuliwa kwa masikio. Ukurasa wa tano nikamwona pasta wetu, ambaye alikuwa kwenye kiti kikubwa mbele, akifungua jicho moja na kutazama saa. Ukurasa wa saba tukafika kwenye kimya.

Nilianza kuhesabu kwa vidole ndani ya mkunjo wa sketi. Moja. Mbili. Ya tatu, pasta alikuwa amesimama. Ya nne, alikuwa ameinua mkono wa kulia.

"Na sasa tuombe," akasema.

Nilitazama alto wenzangu. Wote watatu walikuwa wamefumba macho na kuinamisha vichwa. Kifua changu hakikuwa na mtu wa kukitazama. Nikatazama wa teno na wa besi, vichwa chini. Wapiga fidla hawakujua desturi yetu, walikuwa macho, lakini wao walikuwa wakingoja alto. Basi nikamtazama mwalimu, mtu wa Baroki, aliyetutesa miezi mitatu kwa ajili ya kimya kile. Alikuwa ameteremsha mikono, amefumba macho, skafu yake imegusa karatasi. Mtu akilelewa kwenye maombi, kozi ya wiki mbili haimtoi huko.

"Baba tunakushukuru," pasta akaendelea.

Kumi. Kumi na moja.

Watu baadaye walisema nilikuwa na ujasiri, na wengine walisema nilikuwa na pepo. Sikuwa na kimojawapo. Mwalimu alikuwa ameniambia nikikosea kuingia mara moja narudi nyumbani, na siku ile nilimwogopa fundi redio kuliko mtumishi wa Mungu. Ya kumi na mbili ikaisha. Nikaingia.

Sauti ya alto ikiwa peke yake si wimbo. Ni kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa miguu. Niliimba mistari minne peke yangu, juu ya maombi ya pasta, na macho ya kanisa zima yakafunguka na kunigeukia. Pasta akanyamaza, mkono bado uko juu. Mwalimu akafungua jicho. Lilikuwa jicho la mtu aliyeshikwa amelala zamu. Akainua mikono, wa soprano wakaingia wamechelewa, kisha teno, kisha besi na leso yake, halafu fidla zote pamoja. Tukafika mwisho wa ukurasa wa nane. Muda huo wote pasta hakuweza kuushusha mkono, maana kuushusha kungekuwa kukubali kwamba maombi yake yamekatizwa.

Jumanne niliitwa na kamati. Walikuwa wazee watano kwenye benchi, na mwalimu pembeni.

"Binti," akasema mzee wa kanisa, "ulimkatiza pasta akiwa katika maombi?"

Nikasema ndiyo.

"Wenzako walikuwa wakifanya nini?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, akajibu kwa niaba yangu. "Sisi tulikuwa tumefunga macho, tunaomba."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kumbe kila aliyekosea kuingia alikuwa mtakatifu. Nilimngoja mwalimu aseme neno moja tu, kwamba karatasi ilisema hivyo. Mwalimu alikuwa na kazi na skafu yake, alikuwa ameona uzi umetoka. Nikasimamishwa kwaya miezi mitatu, ili roho yangu itulie.

Wiki ya tatu mwalimu alinifuata soko la Tulia. Aliinama akashika ndengu, akazimimina kutoka kiganja hadi kiganja kama mnunuzi.

"Kilungu wametualika," akasema. "Yule mchungaji mgeni alipenda."

Nikaendelea kupepeta.

"Tumefanya mazoezi mara nne. Kwenye kile kimya hakuna anayeingia. Tunasimama tu pale, kama watu wanaongojea chai."

"Nimesimamishwa, mwalimu."

"Kamati imekaa tena. Wameona roho yako imetulia mapema."

Niliweka ungo chini. Sijui neno lile lilitoka wapi, maana si kawaida yangu. "Na wewe," nikamwuliza, "safari hii utafungua macho?"

Akamwaga ndengu zangu ndani ya gunia. "Ni mazoea tu," akasema. Skafu hakuwa nayo.

Tulienda Kilungu. Kanisa liko juu ya mlima, na njia ya kwenda ni ya miguu katikati ya miparachichi. Yule binti wa chuo alihamishiwa soprano, ambako sasa walikuwa watano na kosa la mmoja halionekani. Mimi niliwekwa alto ya kwanza, pembeni kabisa, mbele, bila mama mpana wa kunificha. Mwalimu alikuwa amemwendea mchungaji wa huko siku moja kabla, akamsihi kwa machozi asiinuke kabla ya wakati. Mchungaji, mtu mwangalifu, akauliza atajuaje kwamba wakati umefika. Mwalimu alimwambia, "Tazama yule msichana wa mwisho. Yeye akiketi, imeisha." Mchungaji naye alilitangazia kanisa hivyo kabla hatujaanza.

Mimi sikuambiwa nifanye nini, ila nilisikia tangazo kama wengine.

Tuliimba gharika. Tukafika kwenye kimya, nikahesabu, nikaingia, wenzangu wakaingia kwa wakati, mwalimu macho yamemtoka kama mjusi. Kurasa nane zikaisha. Fidla zikashushwa, mwalimu akateremsha mikono, kwaya yote ikaketi.

Sikuketi. Mwanzoni ilikuwa hofu tu. Kanisa lote lilikuwa linanitazama mimi, watu wa Kilungu, na wale wazee watano waliokuja kutoka Matinyani kula kuku wa wenyeji. Mchungaji alikuwa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, tayari. Hakuna aliyethubutu kusema Amen, hata kukohoa. Mwalimu alinikonyeza niketi, kisha akanionyesha kwa kidole, kisha kwa kichwa.

Ndipo nikaona kwamba hofu imeisha na bado nimesimama. Nikaanza kuhesabu, kwa vidole, ndani ya mkunjo wa sketi, taratibu kuliko Baroki yoyote. Nilipofika kumi na mbili, nikaketi.